Kifuniko

Saa sita mchana, Milano, ukungu umelalia dirisha.
Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta
ili Ferangis, dada yangu, aione mikono yangu akiwa Tehran.

"Kitunguu kikune, usikikate."
Nimekikuna.
"Kamua maji."
Nimekamua, Ferangis, mpaka kitambaa kimelia.
"Na wewe je?"
Nikajifanya mtandao umekatika.

Miaka kumi na tisa shangazi Tuba alitupikia,
kila Ijumaa, gondi ndani ya supu ya kuku.
Sasa mkono wake wa kulia haushiki kitu,
na wa kushoto, asema, haujawahi kufundishwa.

Nyama ya kuku ya kusaga, unga wa dengu,
manjano kijiko, chumvi, pilipili manga.
Kisha iliki.
"Mama alitia ngapi?"
"Mama hakuhesabu. Alitia, akanusa,
akatia, akanusa,
halafu akasema *basi!* kama anasimamisha punda."
Nikatia. Nikanusa.
Punda wangu hakusimama.

Tukauacha mchanganyiko frijini saa nzima
tukasema habari za watu: bei ya mayai, goti lake,
nani ameoa, nani amehama.
Nani atahama hatukulitaja.

Gondi. Mwanangu Bijan hawezi kulitamka bila kucheka,
maana kwa Kifarsi cha mitaani lina maana nyingine,
nayo huenda mbilimbili.
Shangazi Tuba alikuwa akimchapa kijiko mkononi
huku midomo yake mwenyewe inatetemeka.

"Ukubwa gani?"
"Chungwa dogo."
"Chungwa la wapi?"
"La nyumbani! Lowesha viganja, acha maswali."
Nikalowesha, nikaviringisha.
Kumi na nne, moja imepinda kichwa,
nikazitumbukiza moja moja
kati ya ndimu kavu nilizozitoboa kwa uma,
nyeusi, zinaelea kama zimechoka.
Zikazama zote.
"Zitapanda," akasema. "Usizikoroge. Usiziguse."

Nikachukua kifuniko, kile cha zamani
chenye kizibo cha chupa badala ya kishikio.
"Nafunika, au naacha wazi?"

Ferangis akageuka, akatazama dirisha lake.
"Jua," akasema. "Mishumaa."
Na uso wake ukaondoka kwenye chupa ya mafuta.

Saa nane kwangu, saa kumi na nusu kwake.
Sabato imekwisha kuingia kwa dada yangu,
simu yake iko kwenye droo mpaka kesho usiku,
na mimi bado niko katikati ya siku ya kazi,
unga kwenye kioo cha simu,
kifuniko mkononi.

Nikafunika. Nikafunua. Nikafunika nusu,
mvuke ukatoka kwa upande mmoja
kama mtu anayeongea na sigara mdomoni.
Moja ikapanda. Kisha tatu.
Ile iliyopinda ikapasuka, ikawa uji.

Jioni tulikula na mnanaa, figili na mkate.
Rahamim akauma, akatafuna muda mrefu.
"Iliki," akasema.
Nikamuuliza: nyingi au kidogo?
Akaniongezea supu.

Jumamosi, nyota tatu zikiwa nyuma ya ukungu
(niliziamini tu), nikapiga simu.
"Hukunijibu habari ya kifuniko."
"Kifuniko kipi?"
"Cha sufuria ya gondi. Kinafunikwa au hakifunikwi?"

Ferangis akanyamaza. Nikasikia bomba lake likidondoka.
"Sufuria ninayo mimi," akasema.
"Kifuniko ulikitia kwenye sanduku lako
ukafungia humo glasi za Mama.
Miaka kumi na tisa sisi tunafunika kwa sahani."

"Kwa hiyo mnafunika?"

"Nimesema hivyo?" akasema,
na akaanza kucheka, cheko lile la shangazi Tuba,
mpaka akaniambia ngoja,
ngoja kidogo, nikatafute kitambaa.